Kinga ya Mkanda

Chanji, Sumbawanga
Jumatatu, 24 Juni 2024

Baba Yusto, shikamoo.

Wiki nzima nakupigia simu, sikupati. Wilibrodi anasema huko Kaoze mtandao unapatikana mpaka upande kichuguu, na kwa mkono huo sitaki upande chochote. Kwa hiyo nimekaa kuandika, jambo ambalo sijalifanya tangu nimalize shule. Barua hii anakuletea Wilibrodi mwenyewe, kwa lori linalofuata mpunga. Kuna pia sukari, mafuta ya kula, na ile dawa ya kupaka aliyoandika daktari.

Mkono unaendeleaje? Huku baridi imetukamata. Kina mama wanakuja kusaga wamejifunga mablanketi, wanagombania kusimama karibu na mota wapate joto. Mahindi mapya yameanza kuingia. Mashine ameshika Kija, na anajitahidi, ila unga unatoka wa moto, na kila mteja ananiuliza, "Yule mzee yuko wapi?" Nawajibu uko mapumziko.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Tumepata barua ya OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi. Mkaguzi anakuja kutoka Mbeya, atafika kwetu Jumanne tarehe 9 Julai. Atakagua mashine, atasoma daftari la ajali, atazungumza na wafanyakazi. Baba Yusto, daftari la ajali hatuna, wewe unajua. Na ajali tunayo moja.

Kaka Faruk amenishauri, naye ana uzoefu na malori yake na watu wa ofisi. Anasema mkaguzi hakagui asichoambiwa. Ameniambia nikuombe karatasi fupi, yenye sahihi yako, kwamba uliumia kwenu, kwa jembe la ng'ombe, si hapa. Na kwamba usije mjini mpaka ukaguzi upite.

Najua si ombi dogo. Lakini mashine ikifungwa msimu huu, watu saba watakaa nyumbani, na wewe utarudi kwenye nini? Nafikiria sote. Naomba unijibu kwa lori la Ijumaa.

Msalimie sana Mama Yusto.

Wako,
Naima Shamsi


Kaoze
Alhamisi, 27 Juni 2024

Bi Naima, marahaba.

Anayeandika ni mke wangu Dominika. Mimi nasema, yeye anaandika. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Vitu tumepokea, Mungu akubariki. Mkono hauna shida. Kidonda kimefunga, nakula vizuri, nalala vizuri. Wiki mbili tatu hivi nitakuwa tayari, wala usimwandike mtu mwingine kwenye nafasi yangu.

Mwambie Kija unga kuwa wa moto si kosa la mahindi. Azime, afungue, aangalie nyundo za kupondea. Zitakuwa zimelika upande mmoja. Azigeuze. Na chekeche alisafishe kila jioni, si kila akikumbuka.

Ile habari ya mkaguzi nimeielewa. Kuhusu karatasi nitakujibu.

Nisalimie wenzangu wote hapo kazini.

Zenon


Kaoze
Alhamisi hiyohiyo

Bi Naima,

Karatasi hii nimeikunja ndani ya ile nyingine, na mume wangu hajui.

Pale alipokwambia atakujibu kuhusu karatasi, sivyo alivyosema. Alisema, "Andika kwamba niliumia kwa jembe la ng'ombe." Nikamuuliza, "Ng'ombe gani?" Ng'ombe wa kulimia tulimuuza mwaka juzi, kijiji kizima kinajua. Akasema, "Wewe andika." Nikaweka kalamu chini. Mwisho akasema niandike atajibu, hilo nikaliandika maana ni kweli.

Tena si kweli kwamba mkono hauna shida. Vidole viwili vya mwisho havikunji. Cha shahada kinakunja nusu. Asubuhi akidhani niko kisimani anajaribu kufunga vifungo vya shati, anashindwa, anavaa fulana. Juzi alidondosha kikombe akasema kilikuwa na mafuta. Hakikuwa na mafuta.

Anaogopa. Anaona ukijua hali ya mkono utampa Kija kazi moja kwa moja. Miaka kumi na tisa yuko kwenye ile mashine, tangu enzi za marehemu baba yako. Ulikuwa unakuja na sare ya shule kumletea uji, amenihadithia.

Wewe nakuheshimu. Siku ya ajali ulilala hospitali kwenye benchi, sijasahau. Ndiyo maana nakwambia wazi: kama ni uongo, mkono wangu hautauandika. Alikatwa na mkanda wa mashine yako, akiwa kazini kwako.

Dominika


Chanji
Jumatatu, 1 Julai 2024

Mama Yusto,

Barua yako nimeipata. Nilimwandikia mume wako, nami nasubiri jibu lake. Mambo ya kazini yana uzito wake, na si kila mtu anaona yote.

Nimetuma dawa nyingine.

Naima


Kaoze
Ijumaa, 5 Julai 2024

Bi Naima,

Barua hii ananiandikia Jane, binti wa jirani, yuko likizo ya sekondari. Mama Yusto yuko shambani anavuna ulezi.

Karatasi uliyotaka iko ndani ya bahasha. Jane ameandika kama ulivyosema, nami nimeweka dole gumba. Nadhani inatosha.

Safari hii dawa imekuja bila barua kwangu. Kama nyumbani kwangu kuna mtu aliyekuudhi, nisamehe mimi.

Kazi njema siku ya Jumanne. Feni ya mota ifuteni vumbi.

Zenon


Chanji
Jumatano, 10 Julai 2024

Baba Yusto, na wewe Mama Yusto,

Shikamooni. Nawaandikia nyote wawili. Naomba Mama Yusto ndiye aisome kwa sauti.

Huenda Wilibrodi ameshawaambia mashine imefungwa. Ni kweli na si kweli. Subirini nieleze tangu mwanzo.

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi. Nilimtarajia mwanamume mwenye tumbo. Akaja dada mwembamba, anaitwa Sharon, kavaa kofia ngumu na koti kubwa, anatetemeka kwa baridi yetu. Faruk alikuwepo tangu alfajiri. Alitaka nifunge mlango nibandike tangazo la umeme kukatika. Nikakataa, si kwa ushujaa, ni kwa vile foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani na ningezomewa. Basi akaniambia, "Mkae ofisini, mpe chai, mpe soda ya safari, asifike kwenye mashine." Soda aliyoisema si ya chupa, mnaelewa. Nayo nikakataa. Lakini ile karatasi yenye dole lako, Baba Yusto, ilikuwa kwenye mkoba wangu, nami nilikuwa nimekusudia kuitoa.

Sharon hakutaka kukaa. Alisema, "Twende tukaone, dada. Chai tutakunywa baadaye tukiwa na cha kuzungumza." Tukaingia. Aliangalia nyaya, akaangalia mtungi wa kuzimia moto, akauliza umejazwa lini. Nikafungua mdomo nidanganye mwaka, nikajikuta nasema, "Sijui." Akaandika, hakununa. Akauliza kwa nini wafanyakazi wamejifunga vitambaa puani badala ya barakoa. Nikasema sijawanunulia. Akaandika.

Kisha akasimama mbele ya mkanda. Unazunguka wazi, kama ulivyouacha. Akaagiza mashine izimwe. Kija akazima. Mashine ikanyamaza na kina mama wote wakageuka kututazama.

"Kinga yake iko wapi?"

"Ilipasuka," nikasema.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

"Kuna mtu ameumia hapa?"

Faruk akajibu haraka kutoka mlangoni, "Hakuna." Sharon hakumgeukia. Alimwuliza Kija. Kija aliangalia viatu vyake, akasema, "Muulize bosi."

Hapo ndipo nilipotoa karatasi. Niliifungua mimi kwanza, maana tangu ifike sikuwa nimeisoma, niliiogopa. Nikaona maneno ya jembe na ng'ombe kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Chini yake dole la wino, limechezacheza pembeni. Baba Yusto, wewe ndiye unayeandika majina kwenye magunia ya wateja. Watu wanasema mwandiko wako ni kama wa mwalimu. Umeweka dole kama mtu asiyejua kusoma, kwa sababu yangu. Na Mama Yusto alikuwa ameniambia, nami nikamjibu kama nilivyomjibu.

Nikaikunja karatasi nikairudisha mkobani. Nikasema, "Yuko aliyeumia. Anaitwa Zenon. Ilikuwa tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi. Mkanda ulimvuta mkono wa kulia. Kinga haikuwepo na mimi nilijua haipo. Sikutoa taarifa popote, na nilimwomba aandike uongo."

Faruk akatoka nje akapiga mlango.

Nilidhani ataniitia polisi. Sharon akavuta gunia la pumba akakaa juu yake, akasema, "Haya. Tuanze na yeye. Yuko wapi, na mkono ukoje?" Nikaona aibu, maana nilikuwa nayajua majibu kwa barua ya mke wake, wala sikuwa nimefanya lolote.

Alikaa mpaka saa nane. Alizungumza na wafanyakazi peke yao, mimi nikasubiri nje kwenye baridi. Ametuandikia notisi. Mashine ya kusaga isiwashwe mpaka mkanda upate kinga. Ya kukoboa inaendelea. Mengine tumepewa siku thelathini: barakoa, mtungi, swichi ya dharura, daftari la ajali, mafunzo kwa wote. Ajali yako nimeitolea taarifa jana hiyohiyo, na barua ya kueleza kwa nini nimechelewa. Huenda nikaadhibiwa kwa kuchelewa. Nimemwambia sawa. Fomu za mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ziko ndani ya bahasha hii. Zinahitaji maelezo yako, ya kweli, na daktari akupime upya. Wilibrodi atakuleta Jumatatu, ukae mbele, si juu ya magunia.

Wakati anaondoka nilimwambia, "Nilikuwa nakuogopa." Akasema, "Wengi huniogopa mimi, mkanda hawauogopi."

Shigela fundi anachomelea kinga mpya tangu asubuhi. Ile karatasi nimeitia motoni, jiko la chai.

Mama Yusto, ile barua yangu ya tarehe mosi ilikuwa ya kijeuri. Nisamehe. Ulikuwa unaona kuliko mimi.

Naima


Kaoze
Jumapili, 14 Julai 2024

Bi Naima,

Marahaba, mwanangu. Anaandika Dominika. Tumetoka kanisani, tumekula, sasa nasema.

Wilibrodi alitangulia kutuambia mashine imefungwa na mkaguzi. Siku mbili sikula. Nilijua ni mimi. Barua yako ilipofika mke wangu aliisoma mara mbili, ya pili aliisoma polepole. Nimejua pia kwamba alikuwa akikuandikia kwa siri. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Lipo jambo. (Hapa ameniambia niweke kalamu, kisha niishike tena. D.)

Umemwambia mkaguzi kinga haikuwepo na kosa ni lako. Hukunitaja. Kinga haikutoka yenyewe. Ilipasuka, kweli, lakini ilikuwa bado imeshika. Niliifungua mimi. Nati nne. Ilikuwa inapiga kelele, na kila mkanda ukiteleza ilibidi nifungue nifunge, foleni inangoja. Nikaitoa nikaiegemeza ukutani, nikasema nitairudisha jioni. Sikuirudisha. Ndiyo maana ulipoomba ile karatasi nilikubali. Sikukubali kwa ajili yako. Nilikubali kwa sababu nilidhani wakichunguza watanikuta mimi.

(Bi Naima, hili hata mimi sikulijua. Miezi miwili tumelala chumba kimoja. D.)

Kwa hiyo nakuja Jumatatu kwa daktari na fomu nitazijaza, na hilo la nati nne nitaliandika. Ukiona sistahili kurudi kazini baada ya hapo, nitaelewa. Vidole viwili havikunji. Sasa nimekwambia yote.

Zenon


Chanji
Jumanne, 16 Julai 2024

Baba Yusto, shikamoo.

Uko hapa mjini, umelala kwa shemeji yako, kesho asubuhi unakwenda kwa daktari. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Jana pale stendi nilijaribu, maneno yakanigomea, nikakuuliza habari za barabara. Acha niandike.

Nilikuona. Siku ile unafungua zile nati nilikuwa mlangoni. Nilikuona unaiegemeza kinga ukutani, nami nikafurahi moyoni kwamba foleni itakwenda. Ulikuwa umeshaniomba mara tatu tuichomelee, nikakwambia msimu upungue kwanza. Baada ya hapo nilipita mbele ya ile kinga kila siku kwa wiki tatu. Mwisho niliitundikia mwavuli.

Andika nati nne, ni haki yako. Na mimi yangu nimeyaandika. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Kazi ni yako. Daktari ndiye atakayesema lini, na ni kazi ipi kwa mkono huo. Mashine ataendelea nayo Kija. Sharon anasema tunatakiwa tuwe na mfanyakazi wa kusimamia usalama, mwenye mamlaka ya kuzima mashine bila kumwomba mtu ruhusa. Wenzako nimewauliza wanampendekeza nani. Hawakumaliza hata kunisikiliza, walikutaja. Usidhani ni huruma. Kija mwenyewe ndiye aliyesema, "Tukimpata mtu aliyewahi kukosea, hatatudanganya."

Fikiri, unijibu ukitoka hospitali. Kwa mdomo, tafadhali. Vidole vimeniuma.

Naima


Chanji
Jumatano, 21 Agosti 2024

Mama Yusto, shikamoo.

Najua Baba Yusto atakupigia Jumapili ukipanda kichuguu, lakini yeye hatakusimulia vizuri, atasema tu "kazi inaendelea". Nakuandikia mimi.

Jana Sharon alirudi kama alivyoahidi. Safari hii sikupanga chochote. Nilimkaribisha, nikamkabidhi kwa mume wako, nikaenda nyuma yao kimya. Alikagua kinga, akaitikisa kwa mikono miwili. Alibonyeza swichi nyekundu, mashine ikasimama papo hapo. Alisoma daftari la ajali. Lina ajali mbili tu: ya mume wako, kwa maelezo yake mwenyewe, na Kija aliyebanwa kucha na mlango wa choo. Sharon akauliza, "Hii nayo mmeandika?" Baba Yusto akamjibu, "Mlango ni wa kazini." Dosari moja alituachia, nyaya za taa ya stoo, nazo fundi yuko juu ya ngazi sasa hivi ninapoandika. Onyo la kuchelewesha taarifa nimepewa kwa maandishi, nimelibandika ofisini mahali ninapoliona nikiinua kichwa. Kisha tukanywa chai. Vikombe vitatu alikunywa, anasema baridi ya Sumbawanga haina adabu.

Faruk alikaa mwezi mzima hasemi nami. Wiki iliyopita alikuja akasimama karibu na ile swichi, akauliza kwa sauti ndogo Shigela anapatikana wapi, maana gereji yake nayo ina mashine ya kunolea isiyo na kinga. Nikampa namba.

Mkono wa mume wako daktari anaufuata kila wiki mbili. Vile viwili huenda visikunje tena, alituambia wazi. Baba Yusto alimwitikia kwa kichwa tu. Njiani akaniambia kwamba hicho alikuwa ameshakijua, alichokuwa hakijui ni kama ataishi nacho akiwa na kazi au bila kazi. Watu wa mfuko wamepokea fomu zote, wametupa namba ya faili, nitaendelea kuwafuatilia mimi mwenyewe mpaka haki yake ifike.

Sasa la leo, ndilo hasa lililonikalisha niandike.

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote za msimu huu. Nilikuwa na haraka, nimevaa ule mtandio mrefu niliotoka nao harusini, nikaingia ndani kumwambia Kija neno moja tu. Sijafika hata hatua ya tatu, mashine ikazimika. Kimya. Unga unaelea hewani. Nikadhani umeme. Kumbe Baba Yusto kasimama kwenye swichi.

"Bi Naima," akasema, "mtandio huo unaburuza. Toka nje."

Nikacheka. Nikamwambia, "Baba Yusto, neno moja tu."

"Nje."

"Watu wanangoja!"

"Wanakungoja wewe," akasema.

Mama Yusto, mashine ni yangu, jengo ni langu, jina la baba yangu limeandikwa ukutani. Nikatoka. Kina mama wote wakaangua kicheko, mmoja akanisogezea ndoo yake iliyofunikwa akaniambia, "Karibu kwenye foleni, bosi." Nikaikalia. Ndani nikasikia mashine imewaka tena, inakwenda sawasawa.

Nilikaa pale nje juani karibu saa nzima. Hakuna aliyeniita, na sikuwa na haraka tena.

Shamba likikuruhusu, njoo mwezi ujao uone. Ukija, vaa nguo ya mikono mifupi, la sivyo mume wako atakutoa na wewe.

Mdogo wako,
Naima